Mzee kashapasuliwa jicho, mbona bado anataka miwani? Na ile lenzi ya kupigwa taa ni kitu gani?

Wiki iliyopita aliingia dukani mzee mmoja fundi cherehani, namfahamu tangu nikiwa shule maana ndo alikuwa anatushonea sare, kashikwa mkono na binti yake aliyeshuka likizo kutoka Dar. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Kapasuliwa mtoto wa jicho la kulia. Akakaa kwenye kiti cha kupimia, na kabla sijamuuliza lolote akatoa sindano ya mkono kwenye mfuko wa shati, na uzi mweusi umeviringishwa kwenye kipande cha karatasi, akaniambia hebu tazama hapa. Akajaribu kutunga uzi. Ukapita pembeni. Akajaribu tena ukapita pembeni, mara ya tatu akailowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akanyoosha mikono mpaka mwisho, kichwa kakirudisha nyuma, akakosa tena.

"Daktari kanipasua vizuri," akasema, "naona mpaka kibao cha daladala upande wa pili wa barabara. Lakini mie sipigi debe, mie nashona."

Binti yake akatoa simu. Kuna video kaiona, ya Marekani, mgonjwa anakaa mbele ya mashine, anapigwa taa ya bluu kwenye jicho dakika moja hivi, halafu anasimama anasoma bila miwani. Maelezo yanasema lenzi aliyowekewa ndani ya jicho inarekebishwa baada ya operesheni, jicho likiwa limeshapona. Akauliza, sasa si tumpeleke baba akapigwe hiyo taa na ya kwake ikae sawa?

Huyu si wa kwanza kutuuliza. Tangu mwaka jana maswali ya hii lenzi yanakuja dukani na kwenye WhatsApp yetu, wengine wanaiita lenzi ya taa, wengine lenzi ya leza, kuna mmoja wa Chumbageni aliniandikia "ile lenzi ya rimoti". Kwa hiyo nimeona niandike mara moja kirefu, anayeuliza nimtumie hapa. Niseme mapema kabisa ili mtu asipoteze nauli: sisi ni duka la miwani hapa Ngamiani, Tanga, tunapima macho na tunatengeneza miwani, hatupasui mtu na hatuuzi lenzi za kuweka ndani ya jicho. Lakini wanaotoka kupasuliwa wanaishia kwetu, na tunakutana na hili tatizo karibu kila wiki.

Tuanze na mtoto wa jicho mwenyewe. Nyuma ya lile duara jeusi katikati ya jicho kuna lenzi, mtu anazaliwa nayo safi kama maji, umri ukienda inaanza kuingia ukungu, inageuka njano, kahawia, na huku kwetu watu wanachelewa sana kwa hiyo wengine wanafika hospitali ishakuwa nyeupe kama nyama ya dafu. Hakuna dawa ya matone inayoondoa hiyo kitu, hata kama jirani kakwambia asali au maziwa ya mama. Daktari anaitoa na mahali pake anaweka lenzi ya plastiki, kioo chake kina upana wa milimita 6 hivi, na vimikono viwili vyembamba vya kuishikilia ndani isihame. Inakaa humo maisha.

Sasa wengi wanadhani hizo lenzi za ndani ni saizi moja kwa wote, kama betri ya saa. Hapana, zina namba kama miwani. Mtu wa kawaida anaangukia karibu na 20, mwenye jicho refu anapewa ndogo zaidi, mwenye jicho fupi kubwa zaidi. Na ile namba inachaguliwa kabla ya operesheni, kwa mahesabu. Wanapima urefu wa jicho kutoka mbele mpaka nyuma, kwa mtu mzima ni kama milimita 23 na nusu hivi, wanapima na mviringo wa kile kioo cha mbele cha jicho, wanaingiza kwenye fomula, inatoka namba. Fikiria, ukikosea urefu wa jicho kwa milimita moja tu, namba inakosea karibu 2 na nusu hadi 3. Yaani mtu aliyetegemea kutembea bila miwani anatoka na mainasi 2 na nusu, yaani mbali haoni vizuri, kisa unene wa kucha.

Na kukosea si lazima uzembe. Mashine nzuri za siku hizi zinapima urefu kwa mwanga, lakini jicho likishakuwa jeupe kama dafu mwanga haupenyi, inabidi watumie ile ya mawimbi ya sauti, kuna kama kalamu inagusishwa kwenye jicho. Mkono ukikandamiza kidogo tu jicho linabonyea, linasomeka fupi kuliko lilivyo, fomula inatoa lenzi yenye nguvu kupita kiasi na mgonjwa anatoka na mainasi ambayo hakuwa nayo. Halafu kuna jambo ambalo hakuna mashine inayolijua kabla, lenzi itakaa wapi hasa ndani ya jicho kidonda kikishapona. Ikikaa mbele kidogo au nyuma kidogo namba inabadilika, na fomula hapo inakisia tu, inakisia vizuri lakini inakisia. Ongeza na kidonda chenyewe. Ile operesheni ya bila kushona inayofanyika sana kwenye kambi za macho ina mlango wa milimita 6 au 7, ikipona inaweza kuvuta kioo cha mbele kikapinda kidogo, hapo unapata astigmatizimu, herufi zinakuwa kama zina kivuli upande.

Hili tatizo ni la zamani kama lenzi zenyewe. Daktari Mwingereza Harold Ridley ndo wa kwanza kuweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mtu, London, mwezi Novemba 1949. Alikuwa kaona marubani wa vita waliopigwa machoni na vipande vya kioo cha ndege, kioo cha plastiki, ile plastiki inakaa tu jicho haliikatai, akapata wazo. Operesheni ikaenda vizuri, lenzi ikakaa, lakini mgonjwa wake wa kwanza akabaki na mainasi kubwa sana, kwa sababu umbo waliigiza lenzi ya kuzaliwa wakati ile plastiki inapinda mwanga zaidi kuliko lenzi ya mtu. Mpaka leo mambo yameboreka mno, ila ukweli ni uleule, namba yako ya mwisho inajulikana baada ya jicho kupona, na lenzi inachaguliwa kabla.

Nilipomweleza yule mzee hivi akacheka. Akasema kumbe madaktari wanakata suti mteja hajaja kujaribisha. Sisi, akasema, suti ya bwana harusi hushoni moja kwa moja, unapiga bandi kwanza, anakuja anavaa, unaona bega limeshuka, kiuno kinabana, unafumua unarekebisha, akiridhika ndo unapitisha cherehani. Ukishapitisha cherehani basi.

Nikamwambia mzee umemaliza kazi yangu, hiyo lenzi ya kwenye simu ya binti yako ndo lenzi ya bandi.

Iko hivi. Hiyo lenzi ilianza kwa mazungumzo ya daktari wa macho wa San Francisco, Daniel Schwartz, na mkemia wa chuo cha Caltech, Robert Grubbs, yule aliyekuja kupata Nobel ya kemia 2005 kwa kazi nyingine kabisa. Kampuni inayoitengeneza inaitwa RxSight, iko California, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu Novemba 2017. Imetengenezwa kwa silikoni, lakini ndani ya hiyo silikoni kuna vichembe vya kemikali ambavyo havijashikana, viko huru vinaweza kutembea. Ukipiga taa ya UV, ule mwanga ambao jicho haliuoni, vile vilivyopata mwanga vinashikana vinaganda. Sasa tuseme taa imepigwa katikati tu. Katikati vile huru vimepungua, pembeni bado vimejaa, basi vya pembeni vinaanza kuhamia katikati taratibu, kama safu ya msikitini, mtu wa mbele akitoka wa nyuma anasogea kujaza pengo. Vikihamia, katikati inavimba kidogo sana na lenzi inaongezeka nguvu. Ukitaka kuipunguza nguvu unapiga taa pembeni, vinahamia nje, katikati inasinyaa kidogo. Ukitaka kuondoa astigmatizimu unapiga kwa mchoro wa upande mmoja. Hakuna kisu wala sindano, mtu anaweka kidevu kwenye mashine kama zile tunazopimia, anatazama taa, kati ya sekunde 40 na 150, anainuka.

Halafu wanaangalia namba tena baada ya siku kadhaa. Bado? Wanapiga tena. Mgonjwa akisema hapa ndo napenda, wanafunga. Kufunga ni kupiga taa lenzi nzima ili kila kichembe kilichobaki kigande, na hapo ndo cherehani imepita, haibadiliki tena milele, hata ukijuta.

Kinachonivutia mimi kama mtu wa miwani si hiyo taa. Ni kwamba mgonjwa anachagua akiwa anaona. Kabla ya operesheni ukimuuliza mtu mwenye ukungu machoni unataka kuona mbali au karibu, atakujibu nini, anataka kuona basi. Lakini wiki ya tatu jicho limepona, unaweza kumwekea lenzi za majaribio mbele ya macho, ukamwambia tembea humu ndani, soma simu, angalia nje, je ungependa ikae hivi? Wengi kule wanachagua jicho moja la mbali na jingine livutwe karibu kidogo. Wanajaribu, wanabadili mawazo, wanajaribu tena.

Na matokeo yapo. Kwenye utafiti ambao FDA waliutegemea walikuwa wagonjwa 600, na baada ya miezi sita waliowekewa hii, kwa wastani, walisoma kama mstari mmoja zaidi chini kwenye lile bango la herufi, bila miwani, kuliko waliowekewa ya kawaida. Mstari mmoja. Ni kitu kizuri ila angalia ukubwa wake, si kipofu kuona, ni mtu anayeona vizuri kuona vizuri zaidi.

Sasa tuje kwenye shughuli yenyewe, maana video haikuonyesha hii sehemu. Kumbuka lenzi haijafungwa, na inaganda kwa UV. Jua lina UV. Kwa hiyo tangu siku ya operesheni mpaka taa ya mwisho mgonjwa anatakiwa avae miwani maalumu ya kuzuia UV muda wote akiwa macho, si akitoka nje tu, hata ndani. Taa ya kwanza inapigwa siku kama 17 mpaka 21 baada ya operesheni, halafu zinafuata nyingine, jumla tatu au nne kwa kawaida, ndani ya wiki moja mbili. Hesabu mwenyewe, ni karibu mwezi mzima, pengine na zaidi kidogo, umevaa hiyo miwani. Na kila siku ya taa unawekewa matone ya kupanua mboni, lazima ifunguke vizuri taa ifike mpaka ukingo wa lenzi, kwa hiyo unatoka pale karibu huoni vizuri na jua linakuchoma macho, huendeshi pikipiki siku hiyo.

Mtu wa Marekani anaendesha gari lenye vioo vya giza, anaingia ofisini, anarudi. Hebu mweke mvuvi wa Deep Sea, yuko majini tangu alfajiri, jua linampiga kutoka juu na linarudi tena kutoka kwenye maji. Mweke mama anayepanga machungwa pembeni ya barabara Muheza. Kuna wateja wangu hapa nawauzia miwani ya jua nzuri kabisa naikuta imening'inia kwenye kola ya shati, ukiuliza anasema jasho linaingia. Mtu wa namna hiyo akivua masaa mawili ufukweni, jua linaanza kufanya kazi ya daktari, tena bila mpango, lenzi inaganda hovyo hovyo. Kampuni baadaye iliongeza tabaka la kinga kwenye lenzi yenyewe ili isiharibike kirahisi, ni jambo zuri, lakini miwani bado wanaagiza ivaliwe.

Halafu dawa. Hapa nataka watu wasome taratibu, maana hizi ziko kwenye kila duka la dawa mtaani. Hiyo lenzi haitakiwi kwa mtu anayetumia dawa zinazoufanya mwili uwe mwepesi kudhurika na UV, na kwenye orodha yao kuna doksisaiklini na tetrasaiklini, kuna klorokwini, kuna amiodaroni ya mapigo ya moyo, kuna piroksikamu ambayo wazee wa magoti wanaimeza kama karanga, na kuna haidroklorothayazaidi, vile vidonge vya presha vya kukojoza. Nilipofika hapo binti akamtazama baba yake. Mzee akaingiza mkono mfuko uleule wa sindano akatoa pakti ya vidonge vyake vya presha. Ndo vyenyewe. Aliyewahi kuugua jicho kwa virusi vya hapisi naye haruhusiwi maana UV inaweza kuwaamsha, na mtu ambaye macho yanacheza cheza hayatulii, taa itapigiwa wapi? Na mgonjwa wa sukari wa muda mrefu mara nyingi mboni yake haifunguki vya kutosha hata na matone.

Kuhusu bei niseme kifupi, hata kule kwao ile bima ya wazee ya serikali inalipia operesheni na lenzi ya kawaida, ziada ya lenzi ya taa mgonjwa anatoa mfukoni, na si hela ndogo. Na lenzi peke yake haitoshi, lazima kuwe na ile mashine ya taa na daktari aliyefundishwa kuitumia. Kwa hiyo mtu akikufuata mtandaoni akakwambia anayo, unawekewa leo unarekebishiwa leo unafungiwa leo, muulize siku 17 zimekwenda wapi.

Na swali la yule binti, la kumpeleka baba akapigwe taa kwenye lenzi aliyonayo, jibu ni haiwezekani. Lenzi inayobadilika ni ile iliyotengenezwa hivyo tangu mwanzo. Ya mzee ni ya kawaida, ukiipiga UV mwaka mzima itakutazama tu. Aliyeshawekewa ya kawaida na namba imekosea sana, njia zipo lakini ni za daktari, kubadilisha lenzi, kuongeza nyingine mbele yake, au leza kwenye kioo cha mbele, kila moja na hatari zake. Na njia ambayo haina hatari yoyote, mnisamehe najipigia debe, ni miwani.

Nisisahau hili, kuna taa nyingine inachanganywa na hii. Mtu kapasuliwa miaka miwili iliyopita, alikuwa anaona safi, sasa ukungu umerudi, anasema mtoto wa jicho kaota tena. Hajaota. Kile kifuko kinachoshikilia lenzi kwa nyuma kimeingia utando, daktari anakitoboa kwa leza dakika chache, imeisha. Hiyo leza inaitwa YAG na haina uhusiano wowote na kubadilisha namba. Kama ndo wewe, usije kwangu kubadilisha miwani kila miezi sita, nenda kwa daktari wa macho, ukija nitakurudisha hukohuko.

Sasa sisi tunakufanyia nini. Kwanza tunakusubirisha. Hili tulijifunza kwa hasara. Zamani kidogo alikuja mama mmoja kutoka Pangani, kapasuliwa wiki mbili tu, ana harusi ya mjukuu, anataka miwani ya kusomea kadi na kuonea watu. Nikampima, namba ikatoka, nikamtengenezea miwani ya mstari, kalipa kaondoka na furaha zake. Wiki ya saba karudi, anasema miwani inamvuta kichwa. Nikampima upya, astigmatizimu ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu, kidonda kilikuwa bado kinajivuta wakati ule. Kosa langu, si la daktari wala la mama. Tukakata lenzi mpya kwa gharama ya duka na nauli ya kwenda na kurudi nikamrudishia, na tangu siku hiyo mtu akija kabla ya wiki ya sita tunampa ile miwani ya kusomea ya bei rahisi ya kuvukia, ya kudumu tunasubiri matone yaishe na jicho litulie. Mengine yanapona mapema, operesheni ya tundu dogo la milimita 2 au 3 inatulia haraka, lakini mimi nishaungua, nasubiri.

Pili ukija njoo na kadi ya kliniki, na kama ulipewa kile kistika cha lenzi au karatasi ya vipimo, njoo nacho. Watu wanatupa. Mwingine kafungia vitumbua, nimeona kwa macho yangu, karatasi ya vipimo vya jicho imelowa mafuta na namba bado zinasomeka, bahati yake. Ile karatasi inatuambia daktari alikuwa analenga nini, na kama jicho la pili bado halijapasuliwa ni dhahabu, maana daktari akijua la kwanza liliangukia wapi anaweza kurekebisha hesabu ya la pili.

Na hapa ndo nilipotaka kufika na yule mzee. Jicho lake la kushoto bado. Nilipomuuliza, mzee ulipokwenda kupasuliwa ulimwambia daktari kazi yako? Akasema hakuniuliza. Hakuulizwa, na yeye hakusema, foleni ilikuwa ndefu, siku ya kambi watu wamejaa mpaka uwanjani, daktari kafanya la kawaida, kalenga mbali, maana wengi wanataka mbali. Hakuna aliyekosea hapo. Lakini lenzi ya kawaida kabisa, ya plastiki isiyobadilika, inaweza kulengwa karibu. Kwa mtu anayeshona, anayetengeneza saa, anayesuka nywele, anayesoma msahafu kutwa, daktari anaweza kukubali kuliachia jicho la pili mainasi moja na nusu au mbili, likawa la kazi za karibu, lile la kwanza likabaki la barabarani. Si kila mtu ubongo wake unakubali macho mawili yasiyolingana, wengine wanasikia kizunguzungu, na daktari anaweza kukataa kwa sababu zake. Lakini ongea kabla, kabla namba haijachaguliwa, maana lenzi yetu huku haina bandi.

Unaweza kujaribu kidogo pia. Mzee jicho lake la kushoto lina ukungu mwingi halina cha kujaribia, basi nikamwekea fremu ya majaribio upande wa kulia, nikatia plasi 2, lenzi ya kuvuta karibu, nikamwambia sahau mbali, jifanye hili ndo jicho lako jipya la kushoto, fanya kazi zako. Akatazama ukutani akakunja uso, ukuta umefifia. Nikampa gazeti. Akasoma kichwa cha habari, akashuka kwenye maandishi madogo, akaendelea kusoma kimoyomoyo mpaka binti akamwambia baba si gazeti lako. Nikaongeza mpaka plasi 3, akaikataa, inamlazimu kuinama sana, akasema mgongo wangu nao una umri wake. Plasi 2 na nusu ndo akaipenda. Tukaandika hayo yote kwenye karatasi ya duka, namba ya jicho la kulia ilivyotulia, kazi anayofanya, umbali anaoshonea tulioupima kwa futi yake mwenyewe ya kushonea, sentimita 38, na dawa anazotumia, aende nayo kwa daktari wa macho siku ya kwenda kupimwa la pili. Hiyo karatasi hatutozi hela. Wewe pia ukiwa na jicho la pili linasubiri, pita tukuandikie, Jumatatu mpaka Jumamosi, Ijumaa tunafunga saa sita mpaka saa nane.

Kwa sasa tumemtengenezea miwani ya kusomea, plasi 2 na nusu na astigmatizimu yake kidogo ya robo tatu, fremu nyepesi isiyoteleza puani akiinama kwenye cherehani. Jana kaja kuichukua, peke yake, kwa baiskeli. Kaivaa, katoa sindano, kaweka uzi, umepita mara ya kwanza. Hakusema kitu, akauchomoa, akautunga tena, halafu akautunga mara ya tatu akiwa amesimama mlangoni kwenye mwanga. Nikafikiri sasa atanishukuru.

"Elfu kumi punguza," akasema. "Suruali yako ya darasa la sita mpaka leo sijalipwa."